Kundi la WhatsApp si daftari la mweka hazina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalovunja udugu kila msimu wa harusi, mara nyingi bila mtu yeyote kuiba hata senti. Ni ugomvi wa orodha ya michango. Kundi la WhatsApp linaanzishwa, ndugu wanaingizwa, ahadi zinamiminika, kisha siku tatu kabla ya sherehe mtu anauliza, "Mimi nilitoa laki moja, mbona jina langu halipo?" Mweka hazina anaonekana mwizi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizi gumzo ndilo tumelifanya daftari.

Tunaoshika kalamu kwenye kamati za harusi, misiba na vikoba tunajua kwamba mara nyingi fedha ipo. Kilichopotea ni jina, na linapotea kwa njia inayoeleweka kabisa. Tazama. Saa mbili kamili usiku orodha ina watu 41 na jumla ya ahadi ni Sh3,150,000. Saa mbili na dakika tatu shangazi aliyeko Tanga anainakili, anaanza kujiongeza namba 42 kwa Sh50,000. Anaandika polepole, katikati anapigiwa simu, anaongea, anarudi kumalizia. Wakati huohuo mpwa wake aliyeko Mwanza ameinakili orodha ileile ya watu 41, amejiweka namba 42 kwa Sh100,000 na ameirusha saa mbili na dakika nne. Saa mbili na dakika saba orodha ya shangazi inatua chini ya ile ya mpwa. Nayo ina watu 42, ila wa 42 ni shangazi, mpwa hayumo. Anayefuata hana muda wa kulinganisha orodha mbili, ananakili iliyo chini kabisa. Kuanzia hapo mpwa ametoweka, jumla inasomeka Sh3,200,000 badala ya Sh3,300,000, na ukitafuta aliyemfuta humpati kwa sababu hayupo.

Mtandao nao unaongeza matata. Aliyeishiwa bando jioni akajaza jina lake, ujumbe wake unabaki na alama ya saa mpaka apate mtandao usiku. Ukitoka, kwa wenzake unatokea chini kabisa kama ndio mpya, wakati ndani yake kuna orodha ya jioni. Majina ya watu kumi walioahidi kati ya saa kumi na moja na saa nne yanazama kwa mpigo mmoja. Halafu kuna tiki ya kijani. Kwenye orodha ya kunakili, yeyote anaweza kujiwekea tiki kwamba amelipa, na kesho yake hakuna awezaye kusema ni nani aliyeiweka.

Wengine husema basi orodha iwe ujumbe mmoja unaohaririwa. Haiwezekani, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp unahaririwa ndani ya dakika 15 tu tangu utumwe, zikipita, umekwisha.

Dawa yake ni orodha kuwa na mwandishi mmoja. Mwanachama anayeahidi anamwandikia mweka hazina inbox, au anaandika kundini sentensi moja tu: "Naahidi Sh50,000." Haruhusiwi kunakili orodha. Mweka hazina anaandika kwenye kaunta buku ya kwaya mbili au tatu, na jioni, kwa saa ileile kila siku, anatoa orodha mpya. Juu kabisa aweke tarehe, saa, idadi ya watu, jumla ya ahadi na jumla ya taslimu. Mistari hiyo mitano iwe juu, kwa sababu ujumbe mrefu hukatwa na kuandikwa "soma zaidi", na wengi hawabonyezi. Kisha aubandike ujumbe huo juu ya kundi. WhatsApp inaruhusu kubandika ujumbe kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na kundi moja linabeba jumbe tatu zilizobandikwa. Tatu zinatosha: orodha ya leo, namba ya kutumia fedha, na bajeti.

Kwenye daftari safu zinazohitajika ni hizi: jina kamili, namba ya simu, ahadi, kiasi kilicholipwa, tarehe, njia ya malipo, namba ya muamala, na baki. Ahadi na taslimu zisikae safu moja hata siku moja. Kamati nyingi hukodi ukumbi kwa kutazama jumla ya ahadi, na ahadi hailipi ukumbi. Namba ya muamala ndiyo inayomaliza ubishi, maana haijirudii; jina linaweza kujirudia, kiasi kinaweza kujirudia, hata dakika inaweza kujirudia.

Anayetaka kutumia jedwali la Google Sheets afanye hivyo, ni kitu kizuri, ila kiungo anachokiweka kundini kiwe cha kutazama tu. Kiungo cha kuhariri kikitupwa kwenye kundi la watu 200 ni balaa kuliko ile orodha ya kunakili, kwa sababu kidole kikigusa vibaya kwenye kioo cha simu, safu nzima inafutika bila aliyefuta kujua. Likitokea, usianze upya. Fungua historia ya matoleo, utaona jedwali lilivyokuwa kabla ya mabadiliko, na unaweza kulirudisha.

Sasa fedha yenyewe. Skrinishoti si malipo. Ujumbe uliosambazwa kutoka simu ya mtu si malipo pia, kwa sababu maandishi yoyote yanaweza kunakiliwa na kubadilishwa tarakimu kabla ya kutumwa. Malipo ni salio lililoongezeka kwenye simu ya mweka hazina. Kabla ya kumwekea mtu tiki, afungue menyu ya huduma ya fedha, *150*00# kwa wa M-Pesa, atazame salio na orodha ya miamala. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana neno kwa neno na wa mtandao, kisha wanapiga simu kwa sauti ya kulia kwamba wamekosea namba, warudishiwe. Angalia ulipotua: ujumbe wa kweli unaingia kwenye mfululizo uleule wa jumbe zako zote za zamani za mtandao huo, wa uongo mara nyingi unakuja peke yake, kutoka namba ya kawaida. Hata ikiwa kweli mtu amekosea, usirudishe mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urudishwe na wenye mfumo.

Tangazo la kuchangisha liandike jina lililosajiliwa kwenye laini, herufi kwa herufi, kama litakavyotokea kabla mchangiaji hajaweka namba ya siri. Hili linasahauliwa sana kwenye misiba. Laini ya mama mfiwa huwa imesajiliwa kwa jina la mjukuu, mchangiaji anaona jina geni, anahofia utapeli, anaahirisha. Wengine hawarudi. Andika tu: "Jina litakalotokea ni la mjukuu wake, fulani bin fulani," na tatizo limekwisha. Na kwenye msiba, simu ya kupokea rambirambi isiwe ya mfiwa mwenyewe. Hana hali ya kuhesabu miamala, na simu yake inaita mfululizo hadi inazima chaji.

Makato yaamuliwe siku ya kwanza. Mtu akituma Sh50,000 bila ya kutolea, mweka hazina akienda kwa wakala hapati Sh50,000 mkononi. Daftarini aandikiwe ngapi? Ushauri wangu ni aandikiwe Sh50,000 alizotuma, na makato yote ya kutoa yawe mstari wake kwenye matumizi ya kamati. Ukianza kumpunguzia kila mtu makato yake, hesabu haitakaa ifunge. Kikundi cha kudumu, kama kikoba, kisiweke fedha kwenye laini ya mtu binafsi hata akiwa mwaminifu namna gani. Kuna huduma za kikundi kama M-Koba, ambako mtu mmoja hatoi fedha bila idhini ya wenzake.

Mipangilio ya kundi lenyewe nayo ina mitego. Kundi jipya huja likiwa wazi: mwanachama yeyote anaweza kubadilisha jina na picha, na anaweza kuwasha ujumbe unaojifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Mtu akigusa siku 7, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, kila orodha itakayotumwa baada ya hapo inatoweka yenyewe ikifikisha siku 7, na ushahidi wenu umekwenda nayo. Hivyo kitu cha kwanza baada ya kuunda kundi ni kuingia kwenye ruhusa za kundi na kuwaachia admini peke yao kuhariri mipangilio na kuongeza watu. Ruhusa ya kutuma ujumbe ni suala la kupima. Kundi kubwa la wachangiaji lifungwe, admini tu waandike, na mjadala wa kamati ufanyike kwenye kundi dogo la watu kumi au kumi na tano. Kundi la msiba liachwe wazi, watu wanahitaji kutoa pole.

Admini wawe wawili au watatu, wasizidi. Akiwa mmoja na simu ikaibwa, kundi linabaki bila mwenyewe. Akiwa mmoja na akajitoa kwa hasira, WhatsApp yenyewe inamchagua mwanachama mwingine yeyote kuwa admini, na anaweza kuwa mtoto wa kidato cha pili aliyeingizwa ili aone picha. Mjue pia kwamba aliyeunda kundi hawezi kuondolewa na admini wenzake. Hutoka kwa hiari yake. Kundi la kikoba basi liundwe kwa laini ya ofisi ya kikundi, si kwa laini ya mwenyekiti ambaye mwaka ujao atapigiwa kura.

Kuna wanaochukia makundi, na wana haki. Kwa hao, katibu hutengeneza orodha ya matangazo, inayobeba hadi watu 256, kila mmoja akipokea ujumbe kama ametumiwa yeye peke yake. Inapokwama ni hapa: ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati, na wewe hutaambiwa. Unaona tiki moja tu, unadhani amezima data. Kwa hiyo kabla ya kuitegemea, tuma ujumbe mmoja mmoja kuwaomba waihifadhi namba, na baada ya siku mbili tazama taarifa za ujumbe uone nani amefikiwa.

Na wako wazee wenye vitochi. Hawa ndio wenye neno zito kwenye shughuli, na ndio tunaowasahau. Wapelekewe SMS. Herufi zote za Kiswahili zinaingia kwenye ujumbe wa kawaida wa herufi 160. Ila ukibandika tangazo kutoka WhatsApp likiwa na emoji hata moja, au alama za kunukuu zilizopinda, simu inabadilisha mfumo wa herufi na nafasi inashuka hadi 70. Tangazo la herufi 160 linakuwa jumbe tatu, unakatwa kwa tatu, na kwenye kitochi cha zamani linafika vipande vipande au linafika na vijisanduku vitupu. Andika upya kwa mkono, bila mapambo.

Mhariri, nimetaja mengi ya daftari, lakini linaloniumiza zaidi ni wizi wa akaunti, kwa sababu mwizi akiishika akaunti ya mweka hazina anashika imani ya ukoo mzima. Unafanyika hivi. Mwizi anaweka WhatsApp kwenye simu yake na kuandika namba yako. WhatsApp inakutumia wewe, kwa SMS, tarakimu sita. Hapohapo unapata ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu, ambaye naye alishaibiwa saa moja kabla: "Samahani ndugu, kuna namba zimekuja kwako kimakosa, nisaidie." Ukizituma, dakika hiyohiyo akaunti yako imehamia kwake. Anaingia kwenye kundi la harusi akiwa na jina lako na picha yako, anaandika: "Jamani ile laini ina tatizo, michango itumwe namba hii." Ndiyo ileile "ile hela itume kwenye namba hii" tunayoijua miaka yote, ila sasa inatoka mdomoni mwa mweka hazina.

Njia ya pili haihitaji hata uzitaje tarakimu. Anakupigia akijifanya wakala au mtoa huduma, anakuambia upige namba inayoanza na nyota na 21 au 67, kisha namba ya simu, kisha reli. Ukipiga umeelekeza simu zako ziende kwake. Kisha anaiomba WhatsApp itaje tarakimu kwa kupiga simu badala ya SMS, na simu inaita kwake. Ukitaka kujua kama simu zako zinaelekezwa, piga *#21#, *#67#, *#61# na *#62#. Kuzifuta zote kwa pamoja piga ##002#.

Njia ya tatu ni ya steshenari. Mtu anaenda kuprinti kadi au orodha, anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya dukani, anaprinti, analipa, anaondoka. Kompyuta imebaki imeunganishwa. Akaunti moja inaunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, na havikatiki mpaka uvikate mwenyewe au simu yako ikae siku 14 bila kuingia mtandaoni. Siku zote hizo mtu anasoma mazungumzo yako. Ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, leo, ukate usichokitambua. Kwa kuprinti, tuma faili kwa barua pepe ya steshenari, inatosha.

Kinga ni uthibitishaji wa hatua mbili. Fungua Mipangilio, ingia Akaunti, washa, uweke namba ya siri ya tarakimu sita unayoijua wewe. Mwizi akipata tarakimu za SMS bado atakwama hapo. Weka na anwani ya barua pepe, kwa sababu ukisahau namba hiyo na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7. Isiwe tarehe ya kuzaliwa, wala isifanane na namba ya siri ya fedha.

Akishaiba, usihangaike kumbembeleza. Isajili upya namba yako kwenye simu yako, ingiza tarakimu sita mpya za SMS. Hapohapo mwizi anatupwa nje. Huenda ukaulizwa namba ya siri ya hatua mbili aliyoiweka yeye. Huijui, basi utasubiri siku 7 kuingia, lakini yeye naye hayumo tena, na hilo ndilo la muhimu. Watu wengi hawalijui, wanadhani siku hizo zote mwizi anaendelea kuchat, wanakata tamaa ya kujaribu. Wakati unasajili, admini mwenzako aitoe namba yako kundini na kuwatangazia wanachama, na watu wapigiwe simu ya kawaida. Namba ya mwizi iripotiwe 15040, ichukuliwe RB polisi, na skrinishoti zihifadhiwe zikiwa na namba ya muamala wa kila aliyetuma fedha.

Kwa hiyo kila kamati iwe na kanuni moja tangu siku ya kwanza: namba ya kupokea fedha haibadilishwi kundini. Ikilazimu kubadilika, mweka hazina na mwenyekiti wote wawili wawapigie wachangiaji simu.

Mitandao mingine ina kazi zake, na si zile za kundi la michango. Telegram inafaa kuwa kabati la kikundi cha kudumu. Aliyejiunga leo kwenye chaneli anaona katiba na mihtasari ya tangu mwanzo, wakati kwenye WhatsApp anayeingia leo kwa kawaida haoni ya nyuma. Na namba yake ya simu inaweza kufichwa. Ajue tu kwamba mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafungwi kwa mtumaji na mpokeaji pekee kama ya WhatsApp. Ni mazungumzo ya siri tu yaliyofungwa hivyo.

Facebook na Instagram ni za kuwafikia usiowajua, kwa mfano mnapochangisha matibabu. Hapo adui ni mnakili: anachukua picha ya mgonjwa, anaacha maneno yote, anabadilisha namba. Ukiandika namba na jina lililosajiliwa chini ya picha, atayafuta kwa sekunde mbili. Yaandike juu ya picha yenyewe, yapite kifuani mwa mgonjwa pasipokatika. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili, kwa sababu wa mmoja akifungiwa akaunti, ukurasa umekwenda.

Mjue pia kwamba Facebook, Instagram na WhatsApp ni nyumba moja. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, zote tatu zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita dunia nzima, kwa kosa la mafundi wa kampuni wakati wa matengenezo ya mtandao wao wa ndani. Aliyekuwa na orodha ya michango WhatsApp na akiba yake Instagram hakuwa na akiba. Mipaka ya nchi nayo inahesabika: Uganda ilifunga Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na X ilifungwa Tanzania Mei 2025. Ndugu walioko Dubai wanapata ujumbe na voisi za WhatsApp, ila simu za WhatsApp hazipiti, hivyo kikao cha kamati kisipangwe kwa simu hiyo halafu wao wakalaumiwa kwa kutohudhuria.

Kuhusu kuhifadhi, risiti zitumwe kama dokumenti, si kama picha. Picha inabanwa, na tarakimu ndogo za risiti ya EFD zinakuwa ukungu. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, uliopo kwenye sehemu ya hifadhi na data. Video za vigelegele zinamaliza bando la mweka hazina kabla hajafungua orodha. Bakapu ya kwenye Google kwa simu za Android sasa inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti yako, pamoja na barua pepe na picha, na zikijaa bakapu inasimama kimya kimya. Kila Jumapili tazama tarehe ya bakapu ya mwisho. Na kila wiki hamisha gumzo la kundi kwenda barua pepe ya kikundi bila picha; njia hiyo inachukua hadi jumbe 40,000, kwa faili dogo la maandishi linalofunguka hata kwenye simu ya bei rahisi.

Kuna tabia nyingine iachwe kabisa. Kutuma kundini picha ya kitambulisho cha NIDA cha mkopaji, au orodha ya "wadaiwa sugu" na namba zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya 2019. Deni la kikoba linadaiwa kwa mkataba na wadhamini, kwenye kikao. Picha ya kitambulisho ikishatoka hairudi: ufutaji wa "kwa kila mtu" una muda wa takriban siku mbili na nusu, na aliyekwisha kuihifadhi anayo milele.

Shughuli ikiisha, kundi lifungwe rasmi. Ndani ya siku 14 mweka hazina atoe hesabu ya mwisho kama faili la PDF: waliochanga na namba za miamala zao, matumizi na risiti zake, makato, na baki. Hesabu ibandikwe juu kwa siku 30 huku kundi likiwa limefungwa kuandikwa. Mwenye swali amwandikie katibu, na marekebisho yatolewe yakiwa na tarehe. Siku ya 31 gumzo lihamishwe kwenye barua pepe, wanachama watolewe, admini watoke. Kaunta buku ikabidhiwe kwa wazazi wa maharusi, maana ndilo daftari watakalolifungua siku watakapoalikwa kuchangia wenzao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Katibu wa kamati,
Morogoro